Kiungo na Myumbo: Uteuzi wa Vifaa vya Kukokotea Nyumba Ndogo ya Magurudumu

Mwaka 1968, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, Ray Olecko alianza kuuza nyumba ndogo ya magurudumu iliyoitwa Boler. Lilikuwa gamba la nyuzi za kioo lililoundwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa kiunoni. Olecko alikuwa amewahi kubuni tangi la maji taka la nyuzi hizo hizo, jambo ambalo wapenzi wa Boler aghalabu hawawakumbushi wageni wao wakiwa mezani. Kutokana na kielelezo hicho vilizuka vijumba vingine vya jamii hiyo, kikiwamo Scamp kinachotengenezwa Backus, jimboni Minnesota, Marekani. Kijumba cha namna hii chenye urefu wa futi 13 huwa na uzani usiofikia kilo 800 kabla ya kupakiwa, na hukokotwa na gari la kawaida la familia. Wepesi huo ndio unaowahadaa wengi. Mnunuzi huamini kwamba kitu chepesi hakiwezi kulishinda gari, ilhali trela nyepesi iliyopakiwa vibaya huweza kuliangusha gari zito barabarani.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi vifaa vya kukokotea vinavyoteuliwa, na kwa nini uteuzi huo hauanzii dukani. Istilahi zitakazotumika ni chache. Kiungo ni jumla ya vyuma vinavyolishikanisha gari na trela. Tufe ni kichwa cha chuma kilicho nyuma ya gari, nacho kikombe ni sehemu ya trela inayolifunika tufe hilo. Mkono ni mhimili unaotoka mbele ya trela hadi kwenye kikombe. Na myumbo ni ile harakati ya trela ya kwenda kushoto na kulia pasipo dereva kuikusudia.

Chanzo cha myumbo ni mahali lilipo tufe. Tufe haliko juu ya ekseli ya nyuma ya gari, bali limesogea nyuma yake kwa kiasi cha mita moja hivi. Trela ikisukumwa ubavuni na upepo, au na wimbi la hewa la lori linalopita, husukuma tufe, nalo tufe huusukuma mkia wa gari kando. Gari hugeuka kidogo, dereva hulirekebisha, na trela hurudi kwa kasi na kupitiliza upande wa pili. Mwendo ukiwa wa polepole, matairi huumeza mtikisiko huo ukafa wenyewe. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo uwezo huo wa kuumeza unavyopungua, hadi hufikiwa kasi fulani ambapo kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia. Hapo dereva hana muda wa kutafakari. Kipo kielelezo rahisi ambacho walimu wa fani hii hukipenda: gari la kuchezea lenye trela huwekwa juu ya mkanda unaozunguka, na vipande vya chuma huhamishwa ndani ya trela hiyo. Vikiwa mbele, trela ikipigwa kofi hutulia mara moja. Vikihamishiwa nyuma, kofi lilo hilo huifanya ipige mkia hadi gari lipinduke. Hakuna kilichobadilishwa ila mahali pa mzigo.

Ndiyo maana swali la kwanza ni la uzani unaokandamiza tufe. Desturi ya Marekani na Kanada ni kwamba uzani huo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzani wote wa trela iliyokwisha kupakiwa. Trela ya kilo 1,400 basi hudai kati ya kilo 140 na 210 kwenye tufe. Uingereza hushauriwa asilimia 5 hadi 7, kwa kuwa magari na viungo vya huko huruhusu uzani mdogo zaidi, na mwendo wa gari linalokokota hauruhusiwi kuzidi maili 60 kwa saa hata katika barabara kuu. Si busara kuchukua asilimia ya Uingereza na mwendo wa nyanda za Texas. Yeyote aliyewahi kuvuta mkokoteni sokoni anaijua kanuni hii bila hesabu: gunia likizidi nyuma, mishikio huinuka na mvutaji hupoteza mamlaka juu ya mzigo wake.

Uzani haukadiriwi kwa macho. Trela hupelekwa kwenye mizani ya malori ikiwa imepakiwa kama itakavyosafiri, na uzani wa mkono hupimwa peke yake. Maji ndiyo msaliti mkubwa hapa, maana kila lita ni kilo moja. Tangi la lita 80 lililo nyuma ya ekseli huweza kuondoa mbele ule uzani uliotafutwa kwa taabu, na baiskeli mbili zilizotundikwa kwenye bamba la nyuma humalizia kazi. Wala si dawa kurundika vitu vizito katika ncha zote mbili ili vilingane, kwani trela yenye uzani nchani, ikishaanza kuzunguka, ni vigumu kuisimamisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliochapisha matokeo yao mwaka 2009, walitumia trela ya majaribio ambayo uzani wake uliweza kuhamishwa, wakaonyesha jinsi mgawanyo wa mzigo unavyotawala uthabiti wa trela katika mwendo wa kasi. Vitu vizito hukaa chini, karibu na ekseli, mbele yake kidogo.

Baada ya hapo ndipo kiungo kinapoteuliwa. Marekani viungo hugawanywa kwa madaraja. Daraja la kwanza huchukua trela ya hadi ratili 2,000, yaani kilo 907 hivi, na la pili hadi ratili 3,500, takriban kilo 1,588. Mengi ya madaraja hayo mawili yana tundu la inchi moja na robo. La tatu lina tundu la inchi 2 na uwezo mkubwa zaidi. Hata hivyo, daraja la kiungo haliongezi nguvu za gari. Kama kitabu cha gari kinaruhusu ratili 1,500, kiungo cha daraja la tatu hakibadilishi neno hilo, na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo iwekayo mpaka. Matufe nayo hutofautiana: yapo ya inchi 1⅞, ya inchi 2 na ya inchi 2 5/16, ilhali Ulaya hutumia milimita 50. Kosa la hatari ni kuvika kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la inchi 1⅞. Hufunga, huonekana sawa, kisha huchomoka penye tuta.

Kifaa kinachofuata katika orodha za wauzaji ni kiungo cha kusawazisha uzani. Mkono wa trela unapokandamiza, gari huchutama nyuma na magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani na breki hupungukiwa. Fito mbili za chuma chenye unyumbufu hukazwa chini ya mkono wa trela, nazo hurudisha sehemu ya uzani huo kwenye ekseli ya mbele ya gari na kwenye ekseli za trela. Ni kifaa chema kwa trela kubwa. Kwa kijumba cha chini ya tani moja aghalabu ni ziada tupu: kina uzani wake chenyewe, baadhi ya fremu nyepesi hazikihimili, na vitabu vya magari kadhaa hukikataza waziwazi.

Kuhusu vizuia-myumbo, kinachofaa zaidi vijumba vidogo ni upau wa msuguano. Ncha yake moja hushikwa na tufe dogo kando ya lile kubwa, ya pili hushikwa na fremu ya trela, na katikati upau huteleza kati ya vibao vinavyoubana. Bei yake ni nafuu. Kasoro zake ni kwamba mvua huupunguzia nguvu, hauirudishi trela katikati bali huichelewesha tu kuyumba, na sharti uondolewe kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali usije ukapinda. Ulaya, kampuni ya AL-KO hutengeneza kikombe kinachokaba tufe lenyewe kwa vibao vya msuguano; tufe hilo halipakwi grisi wala rangi, kinyume na mazoea ya wengi. Vipo vilevile vifaa vya kielektroniki vinavyohisi yumbo na kufunga breki za trela kabla dereva hajatambua. Upande wa juu kabisa upo mtambo wa Hensley, ambao kwa viungo vyake vya pembeni huifanya trela igeuke kana kwamba imefungwa karibu na ekseli ya gari. Bei na uzani wake havilingani na kijumba cha futi 13.

Vyote hivi hupunguza myumbo wa trela iliyopakiwa vyema. Trela iliyopakiwa vibaya huisogezea tu mbele ile kasi ya maangamizi, na mwenye nayo hujihisi salama hadi anapoifikia. Fedha za upau wa pili ni heri zitumike kwenye breki. Katika Umoja wa Ulaya trela ya zaidi ya kilo 750 haina budi kuwa na breki zake. Marekani sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, lakini breki za umeme zenye kidhibiti karibu na mkono wa dereva zinafaa hata pale sheria isipozidai. Yumbo likianza, dereva huondoa mguu kwenye mafuta, hushika usukani bila kupigana nao, na kwa kidhibiti hicho hufunga breki za trela peke yake, polepole, ili trela ilivute gari nyuma na vyote viwili vinyooke. Kuongeza mwendo au kukanyaga breki za gari kwa nguvu huzidisha yumbo. Vikisha kutulia, husimama mahali palipo salama, hufungua mlango wa kijumba na kuuhamishia mzigo mbele kabla ya kuondoka tena.