Muziki Usio na Ngoma

Muhula uliopita mwalimu wetu wa fizikia alitupigia muziki katika maabara, nao ukazua ubishi uliodumu bwenini siku tatu. Haukuwa na mwimbaji, wala ngoma, wala gitaa. Ulikuwa mvumo mrefu uliopanda na kushuka polepole, kama upepo upitao juu ya bati. Mwenzetu mmoja akasema, "Mwalimu, redio imeharibika." Darasa zima likacheka, na mimi nikiwamo. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini niliacha kucheka.

Mtungaji wa muziki ule ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, ambaye siku hizi hukaa Berlin, Ujerumani. Hujiita KMRU, yaani jina la Kamaru lililoondolewa herufi a. Wazee waliopata kuishi Kenya watalitambua jina hilo, kwa sababu babu yake, naye Joseph Kamaru (1939–2018), alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu. Babu aliimba juu ya siasa na maadili, na maneno yake yalisikika nchi nzima. Mjukuu hutunga bila maneno, lakini ndiye pia aliyezitoa upya nyimbo za babu yake ili zisipotee.

Aina hii ya muziki haikuanzia kwake. Mwaka 1975 Mwingereza mmoja, Brian Eno, aligongwa na gari akawa hawezi kuinuka kitandani. Rafiki yake akamwekea santuri ya kinubi kisha akaenda zake. Sauti ilikuwa ndogo mno, na Eno hakuwa na nguvu za kwenda kuiongeza. Basi akalala akiisikia ikichanganyika na mvua ya nje, na hapo akafahamu kwamba muziki waweza kuwa sehemu ya mahali, kama ulivyo mwanga wa chumba. Baadaye akatoa santuri aliyoiita Music for Airports, na mfano wake ukafuatwa na wengi.

KMRU naye huanza na mahali. Huchukua kinasa sauti akaenda kunasa mvua, ndege, magari na watu, kisha sauti hizo huzirefusha na kuzipanga kwa kompyuta, moja juu ya nyingine. Albamu yake ya Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Vienna, ndiyo iliyomtangaza duniani. Kipande chake cha mwisho hupita dakika 20. Ukikisikiliza mara ya kwanza utadhani hakibadiliki. Ukikirudia utaona kwamba hakuna dakika inayofanana na nyingine, ila mabadiliko huja taratibu kama kivuli cha mti kinavyosogea.

Albamu aliyotupigia mwalimu ni Natur, ya mwaka 2024, nayo ina somo la kidato chetu ndani yake. KMRU alipohamia Berlin aliona tofauti. Nairobi nyaya za umeme hupita juu ya vichwa, transfoma huvuma, na kelele za watu na mashine huchanganyika mchana na usiku. Berlin ni kimya zaidi, na nyaya nyingi zimefukiwa. Lakini umeme upo palepale. Basi akatumia vyombo vinavyonasa usumaku wa umeme, apate kuzisikia sauti ambazo sikio tupu halizipati.

Jambo hili si uchawi. Umeme wa majumbani, kwetu kama Ujerumani, hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Mkondo unapobadilika, usumaku unaouzunguka nao hubadilika. Ukiweka hapo koili ya waya wa shaba, umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili. Ukipitisha umeme huo katika kikuza sauti, unasikia mvumo. Mwalimu alisokota koili, akaisogeza karibu na transfoma ndogo ya redio ya zamani, na kipaza sauti kikanguruma. Kisha akaisogeza kwenye chaja ya simu, kikalia kwa sauti nyembamba kama nzi. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Katika maonyesho yake KMRU husimama nyuma ya meza yenye kompyuta na mitambo midogo. Haruki wala hapigi kelele. Ametumbuiza katika tamasha la CTM la Berlin na miji mingine mingi. Mimi sijamwona ila katika video, na nilichokiona ni watu waliotulia gizani wakisikiliza kama wanaofuatilia hadithi. Natur yenyewe aliipiga mbele ya watu kabla ya kuitoa katika albamu. Kwa hiyo onyesho kwake si kurudia albamu, bali ni mahali pa kuitafuta.

Wapo watakaouliza, kama nilivyoulizwa bwenini: huu ni muziki au ni kelele? Kuuliza si ujinga. Mimi najibu kwamba hauchezeki, na anayetaka kucheza atafute mwingine. Kazi yake ni kuliamsha sikio. Usikilize ukiwa umekaa kimya, bila kazi nyingine, kisha uzime, usikilize pale ulipo. Utasikia mambo uliyokuwa unayapita.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 2022 KMRU alitoa albamu ya Temporary Stored, aliyoitunga kwa sauti za Afrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Sauti za mababu ziko Ulaya, katika makabati, na wajukuu wao huku hawajazisikia. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu. Alikuwa akisaga mtama kwa jiwe alfajiri, huku akiimba kwa sauti ya chini. Sasa tunapeleka nafaka mashineni, na bibi amefariki. Hakuna aliyemnasa sauti, ingawa nyumbani tulikuwa na simu mbili zenye kinasa sauti. Tulizitumia kunasa mambo mengine.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuziandika sauti za Mkiwa katika daftari, maana simu haziruhusiwi shuleni. Mpaka sasa nina hizi: malori yatokayo Dodoma yakipunguza mwendo kwenye njia panda ili yashike barabara ya Itigi, upepo wa Julai katika bati za bweni, rimu ya gari inayogongwa kutuamsha, njuga za ng'ombe jioni, kanga vichakani, na transfoma inayovuma usiku wenzangu wakishalala.

Nawaomba wadogo zangu wa vidato vya chini waendeleze daftari hili nitakapoondoka. Na wazazi mtakaosoma gazeti hili, nawasihi likizo ijayo mtuache tuwanase sauti bibi na babu waliobaki, wakiimba, wakisimulia au wakiwaita ng'ombe. Dakika tano zatosha.