Kipimo Bado Kinaonyesha Malaria

"Daktari, mbona kipimo bado kinaonyesha malaria?" Nimeulizwa Busia, nimeulizwa Tororo, na kila mara simu hutolewa kama shahidi: soma hapa, mistari miwili maana yake anaumwa. Mtoto mwenyewe amemaliza dozi juzi, homa imeshuka, anagombania chapati na dada yake. Ila mama amempitisha duka la dawa ng'ambo ya mpaka wa Kenya na Uganda, akapimwa upya, na sasa ama dawa ilikuwa feki ama daktari mwongo.

Si feki, wala si uongo. Kipimo cha haraka kinachotumika sana pande zote mbili hakitafuti kimelea chenyewe. Kinanasa HRP2, protini ambayo kimelea cha falsiparamu huimwaga kwenye damu, nayo hubaki humo wiki kadhaa, pengine kupita mwezi, vimelea vyote vikiwa vimekufa. Samaki keshaliwa, harufu ingali sufuriani. Kukirudia kipimo hicho wiki ya pili ni kumtajirisha muuzaji, ambaye hatakosa kuuza dozi nyingine, kisha sindano, kisha "taifodi" ya nyongeza. Na mtoto akiwa kweli ana homa mpya, nimonia hupata nafasi ya kukomaa huku sote tukiitibu malaria iliyokwisha.

"Lakini nimesoma dawa zinashindwa Uganda." Umesoma sawa. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikuta kaskazini mwa Uganda vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za malaria za artemisinini, na hilo linatunyima usingizi. Lakini nikimdadisi mzazi, mara nyingi dozi ya jioni ilitapikwa na haikurudiwa. Hakuna tovuti iliyomuuliza hilo.

Basi, haraka haraka, kuna foleni nje. Coartem, dawa ya malaria, ni dozi 6 kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena. Homa ikigoma kushuka siku ya tatu au ikirudi, omba darubini, inayokiona kimelea chenyewe. Njoo na daftari la Uganda na kitabu cha kliniki cha Kenya, vyote viwili. Ulikopita sitakugombeza, sana. Degedege, kukataa kunyonya, kutapika kila kitu, au usingizi usioamshika: hapo simu ni ya kumwitia bodaboda tu.