Mkaguzi wa Hesabu Huhesabu Nini?

Wengi wetu hudhani kwamba mkaguzi wa hesabu huhesabu kila shilingi ya kampuni. La hasha! Katika utafiti wangu niligundua kwamba risiti za kampuni kubwa ni nyingi mno. Mkaguzi huchagua chache, akazilinganisha na vitabu vya hesabu, kisha akajiuliza: je, kosa hili laweza kumpotosha anayetaka kununua hisa? Jibu halitoki kwenye kikokotoo. Ni uamuzi wake mwenyewe.

Hapo ndipo penye kazi. Chukua mfano wa Enron, kampuni ya kawi ya Marekani. Ilificha madeni yake katika kampuni nyingine ilizoziunda yenyewe. Wakaguzi wake, Arthur Andersen, wakaidhinisha hesabu hizo. Watu waliona faida yaelea, kumbe imeundwa! Desemba 2001 Enron ilifilisika, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi na akiba zao za uzeeni.

Kwani wakaguzi hao hawakujua hesabu? Walijua sana. Lakini mwaka wa 2000 Enron iliwalipa dola milioni 25 hivi za ukaguzi, na milioni 27 hivi za kazi nyingine, ushauri ukiwemo. Nani angetaka kumkasirisha mteja kama huyo? Mwaka wa 2002 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia wakaguzi kumfanyia mteja wao nyingi za kazi hizo za kando.

Basi mwenzangu unayesoma uhasibu, ukipewa ripoti ya mkaguzi, usitazame tarakimu tu. Uliza pia: analipwa na nani, na kwa kazi gani?