Epicurus na utulivu wa roho: fungu gani linakunyima usingizi?

Mwaka jana niliona picha ya rafiki mumoja tuliyesoma naye agronomia: gari mpya, nyumba ya etaji. Mimi niko na lisansi yangu mu sanduku, na kazi ya miezi mbili tu ya kugawa mbegu kwa wakulima, kisha basi. Usiku ule sikulala. Njo nikamukumbuka Epicurus, yule tuliyemuita Épicure ku masomo.

Wengi wakisikia jina lile wanawaza mutu wa kula, kunywa na starehe. Hapana. Alizaliwa ku kisiwa cha Samos mwaka 341 mbele ya Kristo. Karibu mwaka 306 alianza masomo yake mu bustani kule Athens, na akafundisha mule mpaka kifo chake mwaka 270. Wanawake na watumwa nao walipokelewa. Kawaida alikula mukate na maji. Siku moja alimuomba rafiki amutumie fromaji kidogo, ili akitaka afanye karamu!

Kwake, raha kubwa ni mwili usiumwe na roho isisumbuke. Utulivu ule wa roho, Wagiriki waliuita ataraxia. Ili tuufikie, aligawanya tamaa mu mafungu tatu:

1. Za asili na za lazima: kula, kunywa, kujikinga na baridi. Ziko na mwisho: tumbo likishiba, imeisha.

2. Za asili lakini si za lazima: chakula kizuri cha bei. Ikipatikana, kula, ikikosekana, usilie.

3. Si za asili wala si za lazima: sifa, mataji, sanamu za heshima. Hizi hazishibe.

Nikakamata karatasi, nikaandika yote yaliyoninyima usingizi. Kodi ya nyumba: fungu la kwanza. Gari ya rafiki: la tatu. Epicurus haambii mwenye njaa anyamaze. Shida ya kweli tuitafutie dawa. Lakini tusiichanganye na wivu.

Alifundisha pia kwamba kati ya yote yanayoleta heri, urafiki unapita. Sasa mimi, juu ya wivu, nilikuwa nimekaa miezi tatu bila kujibu rafiki yangu. Asubuhi nikamuita ku simu. Akacheka: alizani nimemukasirikia.

Kodi ingali deni. Usingizi, umerudi. Na wewe ndugu, kinachokusumbua leo kiko mu fungu gani?