Je, wajua? Injini ya trekta ndani ya gari la spoti

Chini ya boneti ya Triumph TR2, gari la spoti la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 1953, mna injini iliyo ndugu wa injini ya trekta. Kampuni ya Standard ya Coventry, iliyokuwa ikimiliki Triumph, iliiunda injini hiyo ya silinda nne kwa ajili ya Vanguard, gari lake la familia. Ikaitia pia kwenye trekta dogo la kijivu la Ferguson, ambalo ukoo wake leo tunauita Massey Ferguson. Kisha ikaipunguza ujazo hadi chini kidogo ya lita 2, ikaifunga kabureta mbili na kuipachika kwenye gari la watu wawili lenye paa la turubai. Pistoni zake haziendi ndani ya bloku yenyewe, bali ndani ya slivu zinazochomoka, maji ya kupozea yakizizunguka kwa nje. Zikilika, fundi huzing'oa na kutia nyingine, na bloku haipelekwi kuchongwa. Hiyo ni akili ya shambani, mahali ambapo karakana iko mbali. Wapenzi wa magari wanapobishana lipi hasa ni gari la spoti la Kiingereza la klasiki, wengi huanza na umbo, mlio na harufu ya viti vya ngozi. Mimi ningeanza na slivu hizo.

Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa na madeni, na serikali iligawa chuma cha pua kwa viwanda kwa kutazama nani anauza nje ya nchi. Mnunuzi mwenye dola alikuwa Marekani, na Mmarekani alitaka kagari kepesi ka kuchezea mwisho wa wiki. Kubuni injini mpya kwa ajili ya kagari hako kungekula faida yote, basi wahandisi wakafungua stoo ya spea za magari ya kawaida. Austin-Healey Sprite ya 1958, ile yenye taa zilizotokeza kama macho ya chura, ilipewa injini ya Austin A35 na usukani wa Morris Minor. Haikuwa na mlango wa buti wala vitasa vya nje; begi ulilipenyeza nyuma ya viti. Nguvu zake hazikufika farasi 50, lakini uzito nao haukufika kilo 700, na raha yote iko hapo: gari jepesi hugeuka upesi na kusimama upesi, hata kama injini yake ilikusudiwa kumpeleka mtu sokoni. MGB, iliyoundwa tangu 1962 hadi 1980, ilikwenda njia hiyo hiyo kwa injini ya ukoo wa Austin Cambridge na Morris Oxford. Kwangu, basi, uklasiki wa magari haya ni ubanifu: vitu vya kawaida, vilivyopunguzwa uzito na kupangwa upya na mtu anayejua anachotafuta.

Mtetezi wa Jaguar hatakubali. Atauliza ubanifu uko wapi kwenye E-Type ya 1961, yenye silinda sita za lita 3.8. Swali ni zuri, lakini injini hiyo ina historia yake. Jaguar iliitayarisha kwa ajili ya gari lake kubwa la familia, na kwa kuwa gari hilo lilichelewa, mwaka 1948 injini ikatambulishwa ndani ya XK120, gari la spoti lililoundwa haraka ili kuionyesha London. Hata malkia wa kundi, kumbe, alivaa nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mwingine.

Wengine hushikilia nembo na umri. Umri una kazi yake, ila ni kazi ya karani: Uganda tangu 2018 inazuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, na Uingereza gari likifika miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Morris Minor ya 1955 inaipita MGB kwa umri, na haiwi gari la spoti kwa sababu hiyo. Nembo ndiyo dhaifu zaidi, maana MG leo ni mali ya kampuni ya Kichina, SAIC. Na anayekimiliki kitu habadilishi asili yake: tazama Luzira, Kampala, kando ya ziwa. Mwaka 1929, kwenye eneo la gereza la Luzira, kilichimbuliwa kichwa cha udongo wa kuchomwa, kazi ya mikono ya kale, na kwa miongo mingi sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Hakuna anayekiita cha Kiingereza kwa kuwa kimewekwa London. Kitu hutambulika kwa mikono iliyokifinyanga na udongo iliotumia, na gari nalo ni hivyo.

Hapo nitabanwa: kama ubanifu ndio kipimo, Datsun 240Z ya 1969 nayo ni ya Kiingereza? Katika miaka ya 1950 Nissan, kampuni yenye chapa ya Datsun, ilikuwa ikiunganisha magari ya Austin kwa leseni, na injini ya 240Z ni ile ya silinda nne ya magari yake ya familia iliyoongezwa silinda mbili. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini si nyoka yule yule. Magari ya Kiingereza yenye paa la turubai yalipikwa kwa ajili ya barabara laini, na hakuna hata moja lililowahi kutwaa ubingwa wa Safari Rally. 240Z iliutwaa 1971, kisha tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye mwaka uliotangulia familia yake ilikimbilia Kenya kwa sababu ya Idi Amin. Alimaliza sawa kwa adhabu na mpinzani wake Harry Källström, lakini Mehta ndiye aliyepewa ushindi kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila adhabu. Wajapani waliziba matundu ambayo Waingereza waliyaacha, na kwa hilo ninawapa gari lao wenyewe, lenye jina lake.

Hata hivyo, fungua boneti ya 240Z ya kwanza kama ilivyouzwa dukani. Utaona vikombe viwili vya aluminiamu vilivyosimama bega kwa bega, kila kimoja na kifuniko kidogo juu. Fungua kifuniko, utakuta kishimo cha oili. Chini yake pistoni hupanda injini inapovuta hewa, ikiinua sindano iliyochongoka ili petroli ipite zaidi. Oili huizuia isiruke ghafla. Ni kabureta za muundo wa Kiingereza wa SU, ule ule wa MGB na TR2. Zimepigwa chapa ya Hitachi.