Vijiwe vya figo vinarudi? Uliza kalsiamu yako

Mfanyabiashara anayetibiwa vijiwe vya figo Busia mwaka huu, mwakani Namanga, mwaka unaofuata Tunduma, kila mara huanza upya: dawa ya maumivu, ushauri wa kunywa maji mengi, safari inaendelea. Kinachosahaulika ni kupima kalsiamu kwenye damu.

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Hizo ni tezi za parathairoidi, zinazosimamia kalsiamu mwilini. Moja ikimwaga homoni kupita kiasi, kalsiamu hutolewa mifupani na kujaa kwenye damu. Ndipo huja vijiwe, mifupa kuuma au kuvunjika kirahisi, kiu, choo kigumu na uchovu. Mara nyingi chanzo ni uvimbe usio saratani. Wenye saratani ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa hao, na dalili zao zinafanana na za wengine.

Madaktari huanza kushuku saratani kalsiamu ikizidi 3.5 kwa milimoli kwa lita, homoni ikiwa juu mara kadhaa, au uvimbe ukishikika kwa vidole. Maabara nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita, ambako kiwango hichohicho ni 14. Ni kama kubadili fedha mpakani: zidisha milimoli kwa 4. Kwa hiyo karatasi za vipimo zisafiri nawe.

Uvimbe unaoshukiwa hivyo hautobolewi kwa sindano kuchukua sampuli, kwani seli za saratani zinaweza kusambaa. Jibu la uhakika hupatikana baada ya upasuaji, na operesheni ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuponya. Daktari huondoa tezi ikiwa nzima, bila kupasua ganda lake, pamoja na upande wa thairoidi uliokaribiana nayo. Jirani kabisa hupita mshipa wa fahamu wa sauti. Kwa anayeishi kwa kupatana bei, hilo si dogo.

Baada ya hapo mifupa yenye njaa hufyonza kalsiamu kwa kasi. Midomo na vidole vikianza kuchonyota, mgonjwa anahitaji kuongezewa kalsiamu haraka, hivyo asipande basi siku ya pili.

Saratani hii hurudi kwa takribani nusu ya wagonjwa, wengine baada ya miaka mingi. Dawa za saratani haziisaidii sana. Ikirudi, mara nyingi hutibiwa kwa kisu tena, na kinachoifichua mapema ni kipimo kilekile cha damu.