Taa ya Kumhadaa Mwizi

Ikiwa gari lako halina king'ora, waweza kumtia mwizi shaka kwa taa ndogo nyekundu ya diodi, ya aina inayowaka na kuzimika yenyewe. Ipachike kwenye dashibodi, ionekane dirishani. Mguu wake mrefu uupeleke kwenye betri kupitia rizista ya omu 1,000, swichi na fyuzi. Pasipo rizista, volti 12 zaweza kuiunguza papo hapo. Mguu mfupi uufunge kwenye bodi. Betri haitachoka usiku kucha. Ila usimsimulie mtu. Mtaa ukijua, hilo ni pambo tu. Mwizi mwenye haraka huenda akapita, lakini mwenye nafasi atajaribu mlango. Basi ufunge, na swichi uiwashe kila ushukapo.